Nyumba Yetu ya Wageni Kando ya Ziwa Nzilo



Tangu nilipofunga fremu yangu ya Kariakoo na kuhamia Kongo, maswali yanayonifikia kwa simu ni yale yale matatu. La kwanza: Kongo kuna vita, unaishije huko? La pili: Kolwezi haina bahari, sasa hiyo hoteli ya ufukweni iko ufuko gani? La tatu huulizwa kwa sauti ya chini, baada ya salamu zote kwisha: na baba watoto anasemaje? Mhariri wa jarida letu ameniomba niyajibu kwa maandishi, ili niache kuyajibu moja moja kila Jumapili usiku. Nimekubali, kwa sharti kwamba niandike na yale ambayo hamkuuliza, maana hayo ndiyo mazito zaidi.

Nianze na vita. Kongo ni pana kuliko Tanzania yetu karibu mara mbili na nusu. Goma, ambako mmekuwa mkisikia habari zake za kusikitisha, iko mbali na Kolwezi zaidi ya kilomita elfu moja. Mtu wa Kolwezi akisikia habari za Goma huumia kama raia mwenzao, lakini asubuhi anaamka na kwenda sokoni. Sisemi kwamba huku ni peponi. Wazee wa mji huu wanakumbuka Mei 1978, vita vilipoingia Kolwezi yenyewe na watu wengi wakafa, na hawapendi kulizungumza jambo hilo mbele ya watoto. Ila leo kinachotusumbua huku ni vumbi, malori, na bei ya vitu.

Bahari kweli hakuna. Kolwezi iko juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa Juni na wa Julai baridi ya usiku inakufanya utafute blanketi la pili. Ila maji yapo. Mto Lualaba, ambao ndio mwanzo wa mto mkubwa wa Kongo, unapita mashariki ya mji huu, na mwaka 1952 ulizuiwa kwa bwawa ili kupata umeme wa migodi. Zamani bwawa hilo liliitwa Delcommune, leo linaitwa Nzilo. Maji yaliyojikusanya nyuma yake yakawa ziwa, na ukisimama ufukoni kwetu asubuhi ng'ambo huioni vizuri kwa sababu ya ukungu. Sehemu nyingine ni matete na matope, nyingine mchanga safi ambao watoto wanaufinyanga kama wale wa Kigamboni. Wavuvi hupita na mitumbwi yao, ambayo huku inaitwa bwato. Jioni jua likizama rangi ya maji inakuwa kama sufuria ya shaba iliyosuguliwa kwa limau.

Na shaba ndiyo jina la nchi hii. Kati ya mwaka 1971 na 1997 mkoa wote wa Katanga uliitwa Shaba, kwa neno letu hili hili la Kiswahili. Katanga ilipogawanywa mwaka 2015, Kolwezi ikawa makao makuu ya mkoa mpya wa Lualaba. Mji wenyewe si wa zamani, ulianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Wabelgiji ya Union Minière kwa ajili ya migodi, na hata leo ramani yake inaamuliwa na mashimo. Unapita mtaa wenye nyumba na maua, ukikata kona unakuta ukuta wa kampuni, na nyuma ya ukuta kuna shimo ambalo lori chini yake linaonekana kama kisanduku cha kiberiti. Pamoja na shaba inatoka kobalti, madini yanayotiwa katika betri za simu na za magari ya umeme. Kongo inatoa karibu asilimia 70 ya kobalti yote ya dunia, na sehemu kubwa inatoka huku. Kwa hiyo mama, hiyo simu unayonipigia huenda chembe yake ilipita mbele ya geti letu.

Wengine mnaniona kama mwendawazimu niliyeifuata njia isiyo na watu. Njia hii ni ya zamani sana. Katika miaka ya 1850 mfanyabiashara mmoja kutoka Unyamwezi, kwetu kabisa, alifika huku kufuata shaba na pembe. Akabaki, akajenga makao yake Bunkeya, akawa mfalme aliyejulikana kwa jina la Msiri, mpaka alipouawa Desemba 1891. Watu wake, Wayeke, wapo hadi leo, na Bunkeya iko ndani ya mkoa huu huu wa Lualaba. Nilipomwambia mzee mmoja wa kijiji chetu kwamba wazazi wangu ni wa Tabora, alicheka akasema, "Basi umerudi kwa wajomba."

Tulivyoanza

Sasa swali la baba watoto. Wengi mnajua kwamba yeye ni dereva wa lori. Kwa miaka 14 amekuwa akienda njia ya Tunduma: anapakia Dar, anavuka Zambia, anaingia Kasumbalesa, anapanda Lubumbashi, Likasi, Fungurume, anafika Kolwezi. Huenda na salfa au chokaa au mafuta, hurudi na shaba. Ni zaidi ya kilomita elfu mbili kwenda tu, na foleni ya Kasumbalesa peke yake inaweza kumla siku nyingi. Mimi nilikuwa mke wa simu. Akifika nyumbani anafua, analala siku mbili, analipa ada, anaondoka. Kwa hiyo anayeniuliza kama nimemwacha mume Dar, ajue kwamba mwaka huu nimemwona kuliko miaka mitatu iliyopita ikijumlishwa. Kila safari yake inaishia nilipo.

Wakati yeye anasafiri, mimi nilikuwa nauza vitenge Kariakoo. Wateja wangu wakubwa walikuwa wanawake wa Kongo, mnawajua, wale wanaokuja na mabegi matupu na kuondoka na marobota. Mmoja wao ni wa Kolwezi. Namwita Yaya, maana huku ndivyo anavyoitwa ndugu aliyekutangulia kuzaliwa. Mara ya kwanza alichukua mzigo kwa mkopo wa nusu bei, na kila mtu wa fremu za jirani aliniambia nimeibiwa. Baada ya wiki sita fedha yote ilifika, pamoja na kitambaa cha zawadi kwa binti yangu. Tulifanya hivyo miaka tisa. Hatukuwahi kuandikiana hati.

Familia ya Yaya ina ardhi kando ya ziwa, mwendo wa saa moja na zaidi kutoka mjini, kutegemea mvua imefanya nini barabarani. Yeye alikuwa na ardhi na ujuzi wa watu. Mimi nilikuwa na akiba, na fremu ambayo kodi yake ilikuwa inapanda kila mwaka huku wateja wakipungua. Siku moja akaniuliza, kama utani, nitauza vitenge mpaka lini. Tuliongea usiku mzima. Baada ya mwaka na nusu nyumba ya wageni ilikuwa imesimama: vyumba vitano vya tofali za kuchoma, baraza moja pana linaloangalia maji, jiko la nje, na mwembe ambao tuliukuta.

Karatasi

Hapa naomba mama wote mnaofikiria biashara ya ubia msome taratibu.

Kwa sheria ya ardhi ya Kongo ya mwaka 1973, ardhi yote ni ya serikali. Mkongo anaweza kupewa haki ya kudumu. Mgeni hupewa haki ya muda tu, isiyozidi miaka 25 kwa kawaida, inayoweza kuhuishwa. Tena biashara ndogondogo zimetengwa kisheria kwa ajili ya wananchi wenyewe. Kwa hiyo mimi, hata ningekuwa na magunia ya dola, nisingeweza kuja kujenga peke yangu kwa jina langu kama ninavyotaka. Karatasi kuu ina jina la Yaya.

Na huyo Yaya naye ni mke wa mtu. Mpaka mwaka 2016, mwanamke aliyeolewa Kongo alihitaji idhini ya mume wake ili aweke sahihi kwenye jambo la kisheria kama hili. Sheria ya familia ilirekebishwa Julai mwaka huo, na sharti hilo likaondolewa. Tulipokwenda ofisini, karani mmoja bado alituuliza, "Na baba yuko wapi?" Yaya alikuwa amekuja na nakala ya sheria kwenye mkoba wake. Aliitoa, akaifungua, akaweka kidole kwenye mstari, wala hakupandisha sauti. Karani alisoma, akagonga muhuri. Nimeliona tukio hilo kwa macho yangu, na nasema jambo moja: sheria ikiwa kabatini mwa serikali haimsaidii mwanamke. Inamsaidia ikiwa mkobani.

Mkataba wetu tuliuandika kwa lugha mbili, Kifaransa na Kiswahili, mbele ya mthibitishaji wa serikali. Nani ameleta nini, faida inagawanywaje, nani anashika funguo za sanduku la fedha, na nani anahesabu. Tulipofika kifungu cha kifo tulinyamaza wote wawili. Hakuna anayependa kumuuliza rafiki yake, ukifa ndugu zako watanifukuza? Lakini tuliandika, na kaka zake wawili wakaweka sahihi kama mashahidi. Zile imani za miaka tisa za Kariakoo zilitufikisha mezani. Baada ya pale, kalamu ndiyo iliyotulinda na watu wengine, si sisi wawili dhidi yetu.

Maji na taa

Kitu kilichonishangaza kuliko vyote ni umeme. Bwawa liko jirani, nyaya kubwa zinapita juu ya vichwa vya watu, na Kolwezi ndipo unapoishia ule mstari mrefu wa umeme kutoka Inga, kilomita kama 1,700, uliokamilika mwaka 1982. Lakini kijijini kwetu taa hakuna. Umeme ule ulivutwa kwa ajili ya migodi, na unapita kama ndege za kimataifa zinavyopita juu ya Chalinze. Sisi tunatumia sola. Jokofu la samaki ndilo linalopewa betri kwanza, halafu taa za wageni, halafu simu zetu.

Maji nayo yana mambo yake. Wageni huona ziwa na kutaka kuruka humo na nguo. Tumeweka masharti na hatuyalegezi. Kwenye matete haogelei mtu, kwa sababu ya kichocho. Mtoto haingii kwenye bwato bila koti la kuokolea, hata kama baba yake ni mkubwa wa nani. Maji ya kunywa na kupikia yanatoka kisimani, upande wa juu wa kiwanja, mbali na ufuko, na tulipeleka chupa kupimwa kabla hatujamkaribisha mgeni wa kwanza.

Jambo la kupima si woga wa bure. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha uchunguzi waliofanya Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu waligundua kobalti chini ya nyumba zao na kuanza kuchimba mpaka ndani ya vyumba. Walikuta kobalti nyingi mwilini mwa wakazi, na watoto walikuwa nayo zaidi kuliko watu wazima. Mtoto hucheza chini, huweka mikono mdomoni, na vumbi ndilo lile lile. Tangu niliposoma habari hiyo, kwetu watoto wananawa kabla ya kula wala sihitaji kueleza sababu. Wafanyakazi wetu wawili, kabla ya kuja kwetu, walikuwa wanawake wa kuosha mawe ya madini mtoni, wameinama kutwa majini na mtoto mgongoni. Mmoja alipopewa kazi ya kufua mashuka aliniuliza, "Maji haya ni ya sabuni tu?" Nikamwambia ya sabuni tu.

Wanaokuja

Wageni wetu si watalii wa Ulaya. Ni familia za wafanyakazi wa migodi wanaotaka Jumamosi moja bila vumbi. Ni wanaofunga ndoa na kutaka picha mbele ya maji. Ni akina mama wa makanisa na wa likelemba, ambao ni kama upatu wetu, wanaokuja na sufuria zao na kucheza mpaka jioni. Wakati mwingine ni madereva wa Kitanzania waliochoka, ambao baba watoto huwaambia kwamba kuna mahali watapata chai ya tangawizi.

Chakula ni cha pande mbili. Ugali huku ni bukari, na bila bukari mtu hajala. Tunapika na samaki wa ziwani, sombe, yaani kisamvu, na lengalenga, ambao ni mchicha. Msimu wa viwavi ukifika kuna finkubala waliokaushwa na kukaangwa na kitunguu. Nilikula wa kwanza huku nimefumba macho, leo nawanunua mwenyewe. Jumamosi mimi napika pilau. Imepata jina la pilau ya Zanzibar, na nimechoka kueleza kwamba mimi ni mtu wa Tabora.

Kiswahili cha huku kina ladha yake. Mtu akisema "niko nakuya" ujue anakuja. Maji ni mayi, watoto ni batoto. Bei hutajwa kwa Kifaransa, na siku za juma vilevile, kwa hiyo ukiambiwa "samedi" andaa mashuka ya Jumamosi. Mwanangu wa pili, anayesoma darasa la tatu Kolwezi, anaongea hivyo sasa. Bibi yake akimpigia kutoka Dar anacheka kwanza ndipo anajibu.

Lakini nataka niwaeleze habari ya mgeni mmoja, kwa sababu inahusu binti zetu.

Kwetu sote tunajua neno gesti linavyosikika. Mwanamke akisema ana gesti, watu wanatazamana. Mimi na Yaya tulijua hilo tangu mwanzo, na sharti letu la kwanza liliandikwa ukutani kabla hata ya bei: kila anayelala anaonyesha kitambulisho, na aliye chini ya miaka 18 analala na mzazi wake. Sheria ya kulinda mtoto ya Kongo ya mwaka 2009 inasema hivyo hivyo, mtoto ni mtu wa chini ya miaka 18.

Kulikuwa na bwana mmoja, msimamizi wa kazi za ukandarasi, aliyekuwa akitukodishia vyumba vitatu kila mwisho wa mwezi kwa ajili ya watu wake. Alilipa mapema, kwa dola mpya. Karibu theluthi ya mapato yetu ilitoka kwake. Ijumaa moja alifika jioni na msichana. Yaya akaomba vitambulisho. Bwana akatoa chake. Wa msichana, akasema, umesahaulika, huyu ni mpwa wangu. Yaya akasema vizuri sana, mpwa ni mtoto wetu, atalala chumbani kwangu. Bwana akacheka. Yaya hakucheka. Bwana akasema anajua watu, akasema nyumba hii itafungwa, akasema mengine ambayo siyaandiki kwenye jarida la familia. Yaya alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita mmoja wa wafanyakazi wetu amwandalie mtoto chakula.

Alikula sahani mbili. Alikuwa na miaka 15. Bwana aliondoka peke yake, usiku ule ule, na gari likapiga honi mpaka barabara kuu. Asubuhi mfanyakazi wetu alipanda gari na yule binti mpaka nyumbani kwao mjini, akamkabidhi kwa mama yake. Hatukuulizwa na mtu, wala nyumba haikufungwa. Ila vyumba vile vitatu vya kila mwezi havikurudi tena.

Usiku ule tulikaa barazani na kalamu, tukahesabu. Mishahara ya watu wanne, ada, betri moja ya sola iliyokuwa inakufa. Nilimuuliza Yaya kama tungeweza kumwambia bwana yule kwa upole zaidi ili arudi. Akaniambia, "Angerudi na mwingine."

Mwaka wa upungufu

Hasara ile ilikutana na nyingine. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ya Kongo ilisimamisha kuuza kobalti nje ya nchi kwa sababu bei ilikuwa imeanguka sana duniani. Ilisemwa miezi minne, ikaongezwa, na Oktoba ukaanza mpango wa kila kampuni kupewa kiwango chake. Sisemi kama uamuzi ule ulikuwa mbaya au mzuri kwa nchi. Nasema ulivyoonekana kutoka jikoni kwetu: mwenye kazi aliogopa kutumia fedha, harusi zikawa za nyumbani, na Jumamosi tukaanza kupika pilau ya sufuria moja badala ya mbili. Katika mji wa madini hata muuza maandazi anaishi kwa bei ya London bila kujua London iko wapi.

Hatukumwachisha mtu kazi. Tulipunguza mishahara yote kwa kiasi kimoja, kuanzia yetu wenyewe, na tukaandika deni hilo daftarini ili lirudi. Yaya alipokea zamu yake ya likelemba mapema kwa kubadilishana na mwenzake. Tukaanza kukausha samaki na kuwapeleka soko la mjini. Tukawaambia akina mama wa vikundi kwamba siku za katikati ya juma wanaweza kuja kwa nusu bei na chakula chao. Wiki ya kwanza kilikuja kikundi kimoja. Sasa siku za kazi zinatuletea fedha kuliko Jumapili, na karibu wote ni wanawake. Deni la mishahara tumelilipa nusu, na daftari liko wazi kwa kila mfanyakazi.

Ambalo hamkuuliza

Binti yangu mkubwa hakuja nasi. Alikuwa sekondari, na kumhamisha kwenye Kifaransa wakati ule kungekuwa kumkata miguu. Amebaki Dar kwa bibi yake. Wakati wa likizo alikuja mara moja, kwa basi, na shangazi yake. Aliogelea, alikula, alicheka na Yaya. Usiku wa mwisho aliniambia, "Mama, hapa ni pazuri, lakini wewe ulikuja kupumzika mjini, na mimi ndiyo nimebaki huo mji." Sikuwa na jibu. Nilimsuka nywele mpaka usiku wa manane.

Watu huandika habari za kuacha mji na kwenda ziwani kana kwamba unabeba sanduku tu. Hakuna anayeondoka mzima. Mimi nilipata mume, nikapata rafiki aliyekuwa mteja, nikapata asubuhi zenye ukungu na bwato. Nimelipa kwa miaka miwili ya binti yangu ambayo naisikia kwa simu. Mwakani anamaliza kidato cha nne. Ameniambia atachagua mwenyewe kama atakuja au atabaki, nami nimemwahidi mbele ya bibi yake kwamba sitamvuta.

Kwa anayefikiria

Niliyojifunza nayaweka kwa ufupi kwa yeyote kati yenu anayetaka kujaribu, iwe huku, iwe Bagamoyo, iwe Mwanza.

Kaa mahali pale msimu wote wa mvua na msimu wote wa kiangazi kabla hujajenga. Ziwa la bwawa lina mwezi wa kujaa na mwezi wa kukimbia, na ufuko unaouona Aprili si ule wa Oktoba.

Ulizia sheria ya nchi kuhusu ardhi na kuhusu biashara ya wageni kabla hujauza chochote kwenu. Usiulize kwa mtu anayetaka kukuuzia.

Mkataba na rafiki uandikeni mkiwa bado mnapendana. Andikeni na kifo.

Pima maji.

Tenga akiba ya miezi sita ya mishahara, si ya mapambo. Wageni hawatakumbuka mapazia, ila mfanyakazi asiyelipwa atakumbukwa na kijiji kizima.

Masharti yako kuhusu mabinti yaweke ukutani siku ya kwanza, kabla hujapata mteja wa kukuhuzunisha kumpoteza.

Na watoto waulizwe, hata kama jibu lao halitabadilisha safari.

Desemba nitakuwa Dar kwa wiki mbili, kwa ajili ya binti yangu. Nitahudhuria kikao cha chama, na nitakuja na daftari la hesabu kwa anayetaka kuliona kwa macho. Nitaleta pia samaki wakavu wa Nzilo. Finkubala nitaleta wachache, kwa walio majasiri.